Nyota Zilizotambuliwa kwa Saa

Tarehe 18 Juni 1962, dakika moja tu kabla ya saa sita usiku, roketi ndogo aina ya Aerobee iliruka kutoka White Sands, katika jangwa la New Mexico, ikiwa imebeba vihesabio vya Geiger. Jeshi la Anga la Marekani, lililogharimia kazi hiyo, lilikuwa limeelezwa kwamba shabaha ni Mwezi: kuona kama mawe yake yakipigwa na miali ya Jua yanatoa eksirei. Roketi ilikaa juu ya angahewa nzito kwa muda usiofika dakika sita, kisha ikarudi chini. Kwenye Mwezi haikuambulia kitu. Lakini ilipokuwa ikijizungusha, kila ilipoelekea upande wa kundinyota la Nge, hesabu ilipanda ghafla.

Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genova aliyekuwa na kampuni ya American Science and Engineering huko Massachusetts, alizipitia takwimu zile tena na tena pamoja na Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi. Hakukuwa na hitilafu. Kulikuwa na kitu nje kabisa ya ujirani wetu wa Jua kinachotoa eksirei kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Jua letu hutoa kwa eksirei sehemu ndogo tu, kama moja ya milioni, ya mwanga wake. Kitu hiki, kilichopewa jina la Sco X-1, kilitoa eksirei mara elfu zaidi ya mwanga wake unaoonekana kwa macho. Ni nyota ya namna gani hiyo?

Jibu lilichelewa kwa sababu ya hewa tunayovuta. Angahewa ya Dunia humeza eksirei zote zitokazo angani, jambo ambalo ni heri kwa ngozi zetu na ni kero kwa wanaastronomia. Kwa miaka minane iliyofuata walitegemea maputo na roketi za dakika tano. Vyanzo vipya vilionekana, vingine vikapotea, na hakuna aliyeweza kusema kama vimezimika au ni chombo kilichokosea. Ukitazama kitu kwa dakika tano tu, huwezi kujua kama kina mwendo wa sekunde, wa siku au wa miezi.

Wazo lililokuja kuwa jibu lilikuwa limelala kwenye makabati tangu zamani. James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932, na haikupita miaka miwili kabla ya Walter Baade na Fritz Zwicky kupendekeza kwamba nyota kubwa inapokufa kwa mlipuko, kiini chake hushindiliwa hadi kubaki bonge la nyutroni. Bonge hilo lingekuwa na uzito unaozidi wa Jua, ndani ya kipenyo cha kilomita 20 hivi, pungufu ya mwendo wa kutoka Malindi mjini hadi Ngomeni. Mwaka 1967 Msovieti Iosif Shklovsky aliandika kwamba huenda Sco X-1 ni nyota ya namna hiyo, inayonyonya gesi kutoka kwa nyota mwenza. Hesabu ilimwunga mkono. Hidrojeni inapoungana kuwa heli hutoa asilimia 0.7 ya nishati iliyomo ndani yake, ilhali gesi ikianguka tu juu ya nyota ya nyutroni hutoa asilimia 10 au hata zaidi. Wachache sana walimsikiliza.

Mwisho wa mwaka huohuo, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge nchini Uingereza, alinasa mapigo ya redio yanayojirudia kila sekunde 1.3. Ndipo nyota za nyutroni zikaanza kuaminiwa. Ila nyota za Bell zilikuwa zikijiendesha kwa mzunguko wao wenyewe, na kila mwaka mzunguko huo ulipungua kasi kidogo. Hazikuwa na haja ya mwenza wala ya gesi ya kunyonya. Kama Shklovsky alikuwa sahihi, basi kulikuwa na ukoo mwingine wa nyota hizi, na kuutambua kulihitaji chombo kinachoweza kukaa angani mwaka mzima.

Chombo hicho kilirushwa kutoka Kenya.

Karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini katika Ghuba ya Ungwana. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia roketi. La pili, Santa Rita, ambalo awali lilitengenezwa kwa kazi za mafuta, lilikuwa la mitambo ya kuongozea. Tangu 1967 walikuwa wakirusha kutoka hapo roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Roketi inayorushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa Dunia wenyewe, kwa hiyo roketi ndogo huinua mzigo mkubwa zaidi. Kwa kazi ya eksirei kulikuwa na faida iliyozidi hiyo. Juu ya Atlantiki ya Kusini, mkanda wa chembe zenye nishati kali unaoizunguka Dunia hushuka chini sana, na satelaiti ikipita humo vitambuzi vyake hupigwa na chembe hizo hadi visitofautishe nyota na kelele. Satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita pembeni tu ya eneo hilo. Kutoka Florida, kwa roketi ndogo, usingeweza kuifikisha kwenye njia hiyo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, Scout iliruka ikiwa imebeba satelaiti ya kilo 140 hivi. Kwenye karatasi za NASA iliitwa SAS-A. Marjorie Townsend, mhandisi aliyekuwa msimamizi wa mradi na mwanamke wa kwanza kusimamia satelaiti katika shirika hilo, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea. Jina lilishika. Hadi leo, mwanaastronomia wa Tokyo au wa Amsterdam akiandika 4U 1820-30, anataja chanzo kilichomo katika orodha ya nne ya Uhuru, na hiyo U ni ya Uhuru.

Satelaiti ilikuwa na vitambuzi viwili vilivyotazama pande zinazopingana, na ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikifagia anga. Mwanzoni mwa 1971 ilipita kwenye chanzo kimoja katika kundinyota la Centaurus, Cen X-3, kilichokuwa kikijulikana tangu enzi za roketi. Safari hii hesabu haikupanda na kushuka mara moja tu kama ilivyopaswa chanzo kinapoingia na kutoka mbele ya kitambuzi. Ndani ya mpando huo mkubwa kulikuwa na meno, yamepangana kama ya msumeno, kila moja likiwa umbali wa sekunde 4.84 kutoka kwa jirani yake.

Hapo ndipo watu wa Giacconi, waliokuwa wakichambua takwimu za satelaiti hiyo, walipochanganyikiwa, na ninaona ni sawa kukaa kidogo kwenye mchanganyiko huo. Walipokitazama chanzo tena, mapigo hayakufika kwa wakati uleule. Muda kati yake ulikuwa umebadilika kidogo, na kitu kizito kama nyota hakibadilishi mzunguko wake kwa siku chache. Kisha kulikuwa na saa ambazo Cen X-3 ilitoweka kabisa, halafu ikarudi kana kwamba haikuwa na habari. Mtu asiye na subira angesema chombo ni kibovu.

Ethan Schreier na wenzake walizipanga takwimu za mwaka 1971 juu ya kalenda, na mambo yakafunguka. Kutoweka kulikuwa na ratiba: kila baada ya siku 2.087 chanzo kilizimika kwa karibu nusu siku. Mabadiliko ya mapigo nayo yalifuata ratiba hiyohiyo. Kila mtu aliyewahi kusimama kando ya barabara anajua jinsi honi ya matatu inavyosikika nyembamba ikija na nzito ikishakupita. Mapigo ya Cen X-3 yalikuwa yakifanya vivyo hivyo, yakisongamana nyota ilipokuwa inatujia na kutawanyika ilipokuwa inatukimbia. Ilikuwa inazunguka nyota nyingine kwa kasi ya kilomita zaidi ya 400 kwa sekunde, na kila ilipopita nyuma ya mwenzake tulikatiwa eksirei. Mapigo yalitangulia au kuchelewa hadi sekunde 40 hivi kulingana na upande wa mzingo, na kutokana na sekunde hizo 40 walikokotoa kwamba nyota mwenza haiwezi kuwa na uzito unaopungua mara 15 ya Jua. Hakuna aliyekuwa ameiona nyota hiyo bado. Ilipimwa uzito kwa saa kwanza, na miaka michache baadaye ndipo Wojciech Krzemiński wa Poland alipoipata kwa darubini, jitu la buluu mahali palepale.

Mwaka 1972 Harvey Tananbaum na kundi hilohilo walitangaza ya pili, Her X-1 katika kundinyota la Hercules: pigo kila sekunde 1.24, mzingo wa siku 1.7, na juu yake mzunguko wa tatu wa siku 35 ambamo chanzo huwaka na kufifia. Hapa nyota mwenza ilikuwa tayari kwenye vitabu. Cuno Hoffmeister wa Ujerumani alikuwa ameiorodhesha mwaka 1936 kuwa nyota inayobadilika mwanga, HZ Herculis, bila kujua sababu. John na Neta Bahcall, wakiitazama kutoka Israeli, na William Liller kwa upande wake, walikuta mwanga wake unapanda na kushuka kwa siku 1.7 kamili. Upande wake unaoelekea nyota ya nyutroni huchomwa na eksirei hadi kung'aa, na sisi huonyeshwa upande huo na kisha mgongo, zamu kwa zamu.

Kulibaki hoja moja ya kuhitimisha kesi. Mapigo ya Cen X-3 na Her X-1, ukishaondoa athari ya mzingo, yalikuwa yakiongeza kasi mwaka hadi mwaka. Nyota za Jocelyn Bell hupunguza. Hizi zilikuwa zinasukumwa, na kinachosukuma ni gesi inayofika ikiwa inazunguka, ikaikabidhi nyota mzunguko wake. Shklovsky alikuwa amepatia. Gesi hiyo inapokaribia hukamatwa na usumaku wa nyota na kuelekezwa kwenye ncha mbili, ambako huanguka na kuwaka. Nyota inapojizungusha, ncha hiyo yenye moto hutugeukia na kutupa kisogo, nasi tunahesabu pigo. Usumaku wenyewe ulipimwa na kundi la Joachim Trümper wa Ujerumani, kwa vitambuzi vilivyopandishwa na puto huko Texas mwezi Mei 1976: Her X-1 ilikuwa na usumaku unaozidi ule wa Dunia mara trilioni kadhaa.

Wakati Trümper akiandaa puto lake, hadithi ya pili ilikuwa imeshaanza, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama ni hadithi ileile.

Septemba 1975, satelaiti ya Uholanzi iitwayo ANS ilikuwa ikitazama NGC 6624, rundo la mviringo la maelfu mengi ya nyota za kale katika kundinyota la Mshale. Humo mlikuwa na chanzo kilichokuwemo katika orodha ya Uhuru. Ghafla eksirei zake zilipanda mara nyingi ndani ya sekunde moja hivi, kisha zikafifia taratibu. Baada ya muda, tena. John Grindlay wa Harvard na John Heise wa Utrecht waliandika habari hiyo. Karibu wakati huohuo Richard Belian, Jerry Conner na Doyle Evans wa Los Alamos walipekua kumbukumbu za satelaiti za Vela, zilizowekwa angani kuchunguza kama kuna anayejaribu mabomu ya nyuklia kwa siri, wakakuta milipuko kama hiyo.

Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kuvutia. Grindlay na Gursky walidhani katikati ya rundo lile kuna shimo jeusi kubwa mno. Wazo hilo lilivuma kwa muda mfupi, likafa mara milipuko ilipoanza kuonekana nje ya marundo ya nyota.

Iliyoliua hasa ni satelaiti nyingine iliyotoka Ngomeni. SAS-3, ya chuo cha MIT, ilirushwa kutoka San Marco tarehe 7 Mei 1975, na mara ANS ilipotoa habari zake, Walter Lewin na wenzake waliielekeza katikati ya kundi letu la nyota. Milipuko ikawa mingi. Kwa kawaida chanzo kimoja kililipuka kila baada ya saa kadhaa, kikapanda kwa sekunde moja na kupoa kwa sekunde kumi hadi dakika moja. Nishati iliyotoka kwa muda huo ni ile ambayo Jua huitoa kwa siku kadhaa.

Machi 1976 walipata kituko chao kikubwa. Chanzo kimoja hakikungoja saa. Kililipuka kila baada ya sekunde chache au dakika, maelfu ya mara kwa siku, na milipuko yake ilikuwa na nidhamu: ukitokea mkubwa, kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, ukitokea mdogo, mwingine ulifuata haraka. Mlipuko haukujua uliotangulia ulikuwa lini. Ulichoamua ni muda wa kungoja baada yake. Hii ni tabia ya ghala linalomwagwa, ambalo likimwagwa sana huchelewa kujaa tena. Wakakiita Mlipukaji wa Haraka.

Ufunguo ulikuwa mgawanyo mmoja rahisi. Chukua nishati yote inayotoka kwa utulivu kati ya milipuko miwili, igawanye kwa nishati ya mlipuko. Katika vyanzo vya kawaida jibu lilikuwa karibu 100. Heli ikiungana kuwa kaboni hutoa nishati ambayo ni sehemu moja ya mia hivi ya ile inayotolewa na gesi hiyohiyo ikianguka juu ya nyota ya nyutroni. Namba hizo mbili haziwezi kulingana kwa bahati. Stan Woosley na Ronald Taam, na kwa upande mwingine Laura Maraschi na Alfonso Cavaliere wa Italia, walikuwa wamekwisha kuandika jinsi inavyokwenda: gesi hutandazwa juu ya uso wa nyota, baada ya saa kadhaa hufanya tabaka la kina cha mita chache, uzito wake huibana heli iliyo chini hadi iwake yote kwa mpigo, na uso mzima hufikia joto la nyuzi zaidi ya milioni 20 kabla ya kupoa. Jan van Paradijs alipopima eneo linalopoa, alipata nusu kipenyo cha karibu kilomita 10. Hayo ndiyo yalikuwa maumbile ya nyota ya nyutroni, yamesomwa kwenye kivuli cha moto wake.

Na Mlipukaji wa Haraka? Mgawanyo wake ulikataa. Katika vuli ya 1977 SAS-3 iliona kwamba kati ya ile milipuko yake ya haraka, kila baada ya saa tatu au nne, mlitokea mwingine wa kawaida unaopoa taratibu. Jeffrey Hoffman, Herman Marshall na Lewin wakatenganisha aina mbili: ya kwanza ni ya nyuklia, ya pili ni gesi yenyewe inayoanguka kwa mikupuo. Hoffman huyo baadaye akawa mwanaanga, na Desemba 1993 alikuwa miongoni mwa waliotoka nje ya chombo kuirekebisha darubini ya Hubble.

Sasa tatizo likawa la kuudhi. Nyota zilizopiga hazikulipuka, na nyota zilizolipuka hazikupiga. Sababu ilidhaniwa ni usumaku: ukiwa mkali, gesi yote hushindiliwa kwenye ncha na kuungua mfululizo bila kurundikana, ukiwa dhaifu, hutandaa uso mzima na hakuna ncha ya kuhesabia. Zenye usumaku mkali kwa kawaida ni changa, zimeoana na majitu. Zile dhaifu ni kongwe, na wenza wao ni nyota ndogo. Mwaka 1982 Donald Backer na wenzake walipokuta nyota ya redio inayojizungusha mara 642 kwa sekunde, Radhakrishnan na Srinivasan huko Bangalore, na kundi la Ali Alpar, walitoa hoja kwamba ni kikongwe aliyezungushwa upya kwa gesi alipokuwa akilishwa. Kama ni kweli, miongoni mwa zinazolipuka lazima iwepo inayopiga mara mamia kwa sekunde. Walitafuta miaka zaidi ya kumi wakaambulia patupu.

Satelaiti mbili ndizo zilizomaliza ubishi. RXTE, iliyopewa jina la Bruno Rossi yuleyule wa mwaka 1962, ilirushwa tarehe 30 Desemba 1995 ikiwa na vitambuzi vikubwa na saa kali kuliko zote. BeppoSAX ya Italia na Uholanzi ilirushwa kutoka Florida Aprili 1996 na kuwekwa kwenye njia ya ikweta, na kituo chake cha kupokea takwimu kilikuwa Malindi. Kila ilipokamilisha mzunguko ilimwaga ilichoona kwa dakika kama kumi, kisha ikaenda zake. Mwezi Septemba mwaka huo ilinasa katika kundinyota la Mshale chanzo kipya chenye milipuko ya aina ya kwanza, SAX J1808.4-3658. Kilipowaka tena Aprili 1998, RXTE ilikitazama, na Rudy Wijnands na Michiel van der Klis wa Amsterdam wakakuta mapigo 401 kwa sekunde. Oktoba 2002 kikalipuka mbele ya RXTE, na ndani ya milipuko yenyewe mwanga ulitetemeka kwa hesabu hiyohiyo, 401. Mwezi huohuo ilitangazwa kwamba Giacconi amepata Tuzo ya Nobel.

Baada ya kupatikana nyota inayopiga na kulipuka kwa pamoja, mtu angedhani kwamba zile za zamani zimekwisha kueleweka. Lakini mwaka 2022 satelaiti IXPE, ambayo takwimu zake pia hupokelewa Malindi, ilipima kwenye Her X-1 kitu ambacho hakikuwahi kupimika: ni kwa kiasi gani mitetemo ya miali yake imelala upande mmoja. Kwa nyota yenye usumaku wa namna ile, nadharia zilitabiri asilimia 60 hadi 80. Zikapatikana chini ya 10, na waliokuwa na nadharia hizo wamerudi kwenye hesabu kutazama upya jinsi joto linavyopanda kwenye tabaka la juu kabisa la ncha ile, pale gesi inapogota.